Mikono Kwapani

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu mkuu amenipa daftari hili jipya, lenye jalada gumu, na juu yake ameandika kwa mkono wake mwenyewe: MATUMIZI YA VIFAA VYA KUCHEZEA, DARASA LA AWALI, WATOTO WENYE MAHITAJI MAALUMU. Kila siku niandike kifaa gani kimetumika, na mtoto gani, kwa dakika ngapi, na kimerudi kikiwa katika hali gani. Vifaa vyenyewe vimefika leo asubuhi, maboksi sita, zawadi ya wafadhili. Matofali ya rangi, shanga kubwa za kupitisha kwenye kamba, mafumbo ya mbao, ngoma ndogo, mipira yenye miiba laini. Tumevifungua, tumevipanga kwenye kabati la vioo, kisha mkuu akatia kufuli na ufunguo akautia mfukoni.

"Watoto wavizoee kwanza kwa macho," akasema.

Kwa hiyo leo hakuna kilichotumika. Nitaandika mengine.

Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bati linapigwa mpaka hujisikii ukisema.

Nina watoto tisa, wa miaka minne hadi sita. Wawili hawatembei, mmoja haoni vizuri, mmoja anauma, wengine wana maneno machache ambayo mama zao tu ndio wanayaelewa, na mmoja anacheka tangu asubuhi mpaka jioni, na huyo ndiye anayenichosha kuliko wote. Wa tisa ni Chiriku. Ana miaka mitano na hajawahi kutamka neno. Jina hilo alipewa na bibi yake. "Nilidhani litamtia aibu aanze kupiga kelele," aliniambia siku ya kwanza. Hatazami mtu. Akishika kitu anakitia mdomoni, anakionja, anakiacha kianguke, basi.

Halafu nina msaidizi, mama mmoja mnene ambaye shule nzima inamwita Shangazi. Kazi yake ni kulisha, kufuta na kubadilisha nepi, na anaifanya kwa mwendo wa mtu anayeota jua. Watoto wakilala mchana, naye analala. Biskuti kwenye kopo zinapungua, na mimi si mpumbavu.

Ijumaa, 7 Machi

Barua imekuja kutoka ofisi ya upimaji. Mpimaji atafika tarehe 7 Mei. Kila mtoto ataangaliwa kama aendelee mwaka mwingine au ampishe mwenzake, maana orodha ya wanaosubiri nafasi haina mwisho. Chini ya jina la Chiriku wamepiga mstari, na pembeni wameandika: mara ya mwisho. Aonyeshe jambo moja tu la makusudi kwa kifaa cha kuchezea. Achague, apange, atie, atoe, lolote lile. Asipoonyesha, arudi nyumbani.

Nyumbani ni chumba kimoja. Bibi yake ni dobi, anafua kwenye nyumba za watu, na mama wa mtoto alikwenda zake zamani. Leo bibi alipokuja kumchukua nilimsomea barua. Aliisikiliza amesimama mlangoni, mwavuli unamdondokea miguuni.

"Kabla hajapata shule nilikuwa namfunga shuka kiunoni," akasema, "ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Nikirudi nakuta amezunguka kitanda mpaka shuka imekwisha, amekaa hapo hapo. Mwanangu, mimi hiyo sitaki kuirudia."

Nikamwambia hatairudia. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Jumatano, 12 Machi

Kwa vile kabati halifunguki, nimetengeneza vya kwangu. Mume wangu ni fundi cherehani, na vipande vya nguo ndani kwetu tunavikanyaga kama majani. Amenishonea vifuko kumi vya ukubwa wa kiganja. Kimoja nimetia maharage, kingine mchanga, kingine pamba, kingine vifungo. Nimeongeza makopo ya maziwa yaliyotobolewa mfuniko na vizibo vya chupa vya kupenyeza.

"Nilijifunza kushona suti," mume wangu akalalamika, "naishia kushona vitu vya kukojolewa."

"Pole."

"Pole ya nini? Hata suti zangu nimeona zikikojolewa, tena na bwana harusi."

Chiriku ameshika kifuko cha vifungo dakika nne. Hakukitia mdomoni. Alikuwa anakiminya karibu na sikio.

Alhamisi, 13 Machi

Dakika sita.

Jumatatu, 17 Machi

Barabara imefurika, wamefika watoto watano. Chiriku yumo, bibi alimbeba mgongoni. Nilimpa vifuko vitatu, akavisukuma viwili akabaki na kile cha vifungo. Nilipojaribu kukichukua aliking'ang'ania. Kesho nitafanya hivyo hivyo, nione kama ni bahati.

Alhamisi, 20 Machi

Si bahati. Amechagua kifuko kile kile siku tatu mfululizo. Na leo kimekwisha.

Walimu wenzangu mkuu wetu wanamwita Bwana Kitambaa, kwa sababu hashiki kitasa cha mlango bila kitambaa. Ameingia darasani saa nne, viatu vinang'aa mvua yote hii, akasimama mbele ya Chiriku. Mtoto alikuwa na kifuko chake, kimelowa mate, mate yenyewe yanashuka mpaka kwenye kiwiko. Bwana Kitambaa akakinyakua kwa vidole viwili vilivyofunikwa kitambaa, akakiinua mbali na tumbo lake.

"Hiki nini?"

"Kifaa, mkuu."

"Hii ni takataka, mwalimu. Takataka yenye mate. Watu wametuletea vitu vya maana, sisi tunawapa watoto vizibo vya chupa?"

"Basi tufungue kabati."

"Ili wavichafue?" Alisema kwa uchungu kabisa, kana kwamba nimependekeza tuchome shule. Halafu akashusha sauti. "Wewe hujui. Shule niliyotoka, wafadhili walirudi wakakuta ngoma mbili zimepasuka na matofali hayatimii. Wakaandika ripoti. Hawakutupa kitu tena, na jina langu liko kwenye ile ripoti mpaka leo. Wanakuja mwezi wa sita. Wakute kila kitu kama walivyokileta. Na hizi takataka ziondoke leo."

Kinyaa alichokuwa nacho usoni nakijua. Ninakiona kwa wapita njia wanaovuka barabara watoto wangu wakitoka. Lakini wale ni wapita njia. Huyu analala na kuamka akiitwa mkuu wa hawa watoto, na mate yao yanamtia kichefuchefu. Nami nikapata kichefuchefu changu, cha kumwona yeye.

Pamoja na hayo yote, takataka nilizibeba mimi mwenyewe. Nilizitupa kwenye shimo nyuma ya vyoo, kwenye maji ya mvua. Kifuko cha pamba kilielea.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia mume wangu kwamba vifuko vimeibiwa. "Mwizi wa maharage?" akauliza. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 26 Machi

Wafadhili wanataka picha ya watoto na vifaa. Bwana Kitambaa alifungua kabati kwa mara ya kwanza, akapanga matofali na shanga juu ya mkeka, tukawakalisha watoto kuzunguka. Sekunde tatu hazikupita. Yule anayeuma alikamata tofali la kijani akaliuma. Yule anayecheka alivuta kamba, shanga zikatawanyika mpaka chini ya kabati. Chiriku alikuwa na tofali la njano mdomoni.

Bwana Kitambaa alipiga kelele kama aliyekanyaga moto. Vikakusanywa, vikafutwa kwa dawa, vikafungiwa. Jasho linamtoka, akanigeukia.

"Wewe si ndiye mtaalamu? Wafundishe wasishike. Vikitoka vifaa, mikono kwapani. Nakupa wiki mbili."

"Hawa wanajifunza kwa kushika, mkuu."

"Kwani wanaweza kujifunza?" akaniuliza.



Alhamisi, 27 Machi

Nimeanza. Ninaeleza njia ninayotumia, kwa sababu ni njia nzuri na nilifundishwa na watu wazuri. Ninashika tofali moja (sasa ninapewa moja, kwa kusaini). Ninaliweka mbele ya mtoto. Ninasema, "Mikono kwapani," kwa sauti ile ile. Ninaichukua mikono yake taratibu, ninaipeleka kwapani, ninahesabu mpaka tano, kipande cha biskuti. Mara kumi asubuhi, mara kumi kabla ya kwenda nyumbani. Kila siku ninapunguza msaada wa mikono yangu kidogo, mpaka anafanya peke yake.

Nataka yule bwana aone kama wanaweza kujifunza au hawawezi.

Jumanne, 1 Aprili

Watatu wanafanya wenyewe. Shangazi nilimwambia anisaidie na wale wasiotembea, akasema mgongo unamuuma.

Ijumaa, 4 Aprili

Watano. Mvua. Shangazi bado ana mgongo.

Jumatano, 9 Aprili

CHIRIKU! Niliweka tofali la njano mbele yake. Kabla sijafungua mdomo, akalitazama, akalitazama kweli, na mikono yake miwili ikaenda kwapani. Peke yake. Nilirudia mara sita, akafanya mara sita. Mtoto ambaye hakuwahi kufanya jambo lolote akiombwa! Nilimbeba nikazunguka naye darasa zima, machozi yananitoka. Nilimwita Shangazi aje aone. Alikuja, akaona, akafuta mikono kwenye aproni.

"Amejifunza," nikamwambia.

"Naona, mwalimu," akasema, akarudi kuanika nepi. Wivu mwingine hauna hata haya.

Alhamisi, 10 Aprili

Picha zimepigwa. Watoto tisa wamezunguka mkeka, vifaa katikati vinang'aa, mikono yote kwapani. Wanaonekana kama kundi la wazee wanaosikia baridi. Bwana Kitambaa amenisifia mbele ya walimu wote, akanivika kilemba cha ukoka mpaka nikaona haya, ila sikukivua. Amesema iwe ni desturi ya shule: kila akiingia na ufunguo, watoto waonyeshe. Wageni wakija wataona tuna nidhamu.

Jumatano, 16 Aprili

Ufunguo ukilia tu mfukoni mwake, mikono inakwenda. Mwenye maandazi alipita dirishani akapigisha sarafu mkononi, na mikono ikaenda pia. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimeona kitu na bado sijui nikiweke wapi.

Mchana watoto wamelala, nikaona mkeka wa Chiriku mtupu. Nilitoka mbio kwenye manyunyu mpaka nyuma ya vyoo, kwenye kamba ya kuanikia. Shangazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, chini ya kibaraza. Chiriku yuko mbele yake, na kati yao kuna beseni. Mtoto alikuwa anachukua kibanio cha nguo kutoka kwenye aproni ya Shangazi, anakifinya, anakibana kwenye ukingo wa beseni. Kimoja, kingine, kingine. Ukingo mzima ulikuwa umejaa. Alipokosa nafasi alitoa kimoja, akakihamishia sikioni kwa Shangazi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ulipotupa vile vifuko. Alikuwa anakuja kuvitafuta shimoni, mwalimu. Nikaona ataangukia humo. Nikampa hivi."

"Mbona hukuniambia?"

Alikitoa kibanio sikioni, akamrudishia mtoto. "Ningekwambia, mkuu angekuambia navyo uvitupe, na wewe ukiambiwa unatii."

Niliuliza basi na mgongo wake unaendeleaje. Akasema mgongo wake haukuwahi kuuma. "Mimi mikono ya watoto nimeifungua miaka kumi na moja," akasema. "Huyu alikuja kaikunja ngumi, kucha zimeingia kwenye nyama. Nilipaka mafuta kidole kimoja kimoja. Siwezi kuifunga tena kwa sababu ya kabati."

Nilirudi ndani. Kopo la biskuti nililikuta wazi, na nikakumbuka ni watoto gani wanaofika asubuhi bila kula, na kwamba ni Shangazi anayewapa kipande kabla sijavua koti. Mwezi mzima nimemwita mwizi humu ndani.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilitaka kuacha mazoezi ya kwapani. Bwana Kitambaa akaja na ufunguo na mgeni mmoja. Watoto wakaonyesha. Nikagawa biskuti.

Jumatano, 30 Aprili

Najifariji: Chiriku anabana vibanio. Anachagua. Mpimaji atakuja na mfuko wake wa vifaa, kama wote, mtoto atashika, itakuwa imekwisha. Wiki moja imebaki.

Jumatano, 7 Mei

Naandika nikiwa na hasira, na nitaandika yote.

Mpimaji amefika saa tatu. Ni mama wa makamo, mpole, viatu vimejaa tope na hakujali. Hakuwa na mfuko. Siku hizi, akasema, kanuni ni mtoto apimwe kwa vifaa vya darasa lake mwenyewe, vile alivyovizoea, ili asitishwe na vitu vigeni. "Nimeona kwenye picha mna vizuri sana," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Naapa sikuwa nimewaza kabla ya hapo, wiki zote hizo, mimi mtaalamu.

Bwana Kitambaa akatoa ufunguo. Mikono kumi na minane ikaenda kwapani. Kabati likafunguliwa, matofali yakamwagwa mkekani, mafumbo, shanga, ngoma. Mpimaji akakaa chini sakafuni na sketi yake, akasema kwa upole, "Haya, chezeni." Hakuna aliyesogea. Akamsogezea ngoma yule anayecheka. Akacheka, mikono kwapani. Akampa mtoto asiyeona vizuri mpira wa miiba, akaugusisha shavuni mwake. Mtoto akatabasamu na kujibana zaidi. Mpimaji akatutazama.

"Wana baridi?"

"Ni nidhamu," akasema Bwana Kitambaa, na uso wake ulikuwa unameremeta.

Akafika kwa Chiriku. Matofali matatu: jekundu, bluu, njano. Akangoja. Nilimwona mtoto akilitazama la njano mpaka shingo ikamnyooka. Nilimwona akimeza mate. Mikono yake ilikuwa kwapani, ameibana mpaka mabega yamepanda masikioni, kwa sababu yeye ndiye aliyejifunza vizuri kuliko wote. Dakika kumi. Halafu akanitazama mimi. Mtoto asiyetazama watu alinitazama mimi, anangoja biskuti.

Shangazi akaingia na beseni na vibanio. "Mama, mjaribu kwa hivi, huyu anajua..."

"Shangazi, kaanike nepi," akasema Bwana Kitambaa. Mpimaji naye akasema samahani, kanuni ni vifaa vilivyosajiliwa. Shangazi alinigeukia, akaningoja mimi niseme. Alingoja sana.

Mpimaji akaandika. Niliyasoma juu ya bega lake: Hana hamu ya kushika. Hachagui. Haonyeshi kusudi. Wengine wanane wataangaliwa tena mwakani, huyu arudishwe kwa mlezi. Alipoinuka, Bwana Kitambaa akamwambia, "Mwalimu wao ni hodari, kama ulivyoona. Utulivu wote huu ni kazi yake." Mpimaji akanigeukia, akainamisha kichwa kwa heshima.

Nikasema, "Asante."

Ndilo neno pekee nililosema tangu saa tatu mpaka saa sita. Asante! Nimelisema kwa mdomo huu huu ninaoulia chakula.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeoga mara mbili. Sikwenda kazini.

Ijumaa, 9 Mei

Bibi alikuja kuchukua nguo za akiba za Chiriku na kikombe chake. Nilidhani atanitukana. Ningefurahi angenitukana.

"Nimekuja kukushukuru, mwanangu," akasema. "Hata kama hakufaulu, heshima umemfundisha. Siku hizi nikimwekea sahani hagusi. Anakaa hivi." Bibi akaweka mikono yake iliyokunjamana kwa sabuni chini ya makwapa, akanionyesha. "Zamani alikuwa anapiga vijiko. Sasa nisipomlisha mimi, chakula kinapoa yuko vile vile. Ni heshima hiyo, sivyo? Majirani wananiambia ni heshima."

Nilikwenda nyuma ya vyoo nikatapika, kweli kweli, si kwa kutia chumvi. Shangazi aliniletea maji ya kusukutua. Hakunipigapiga mgongoni wala hakusema pole, na nilimshukuru kwa hilo.

Nyumbani nilimwambia mume wangu habari ya vifuko. "Nilijua," akasema huku akitunga uzi. "Hakuna mwizi wa maharage yaliyoshonwa." Akaukata uzi kwa meno. "Lakini mke wangu, mimi vifuko nashona vingine kesho. Huyo mtoto atashonwa na nani?"

Jumatatu, 12 Mei

Nilifika ofisi ya upimaji kabla haijafunguliwa, nikakaa ngazini na mvua yangu. Mpimaji alinikaribisha kiti. Nilimweleza kuanzia kufuli mpaka biskuti. Sikuruka ile asante.

Upole wote ulikuwa umemtoka usoni, na alinitazama vile ambavyo Bwana Kitambaa anatazama mate.

"Yaani ulimfundisha asishike."

"Ndiyo."

"Kwa makusudi. Kwa ratiba. Mara ishirini kwa siku."

"Ndiyo, mama."

"Iandike hiyo kwa mkono wako, utie sahihi. Bila hiyo siwezi kumpima tena. Na ukishaiandika, mwalimu, sitaweza kukusaidia wewe."

Niliandika kurasa mbili. Aliponirudishia kalamu hakunigusa vidole.

Jumanne, 13 Mei

Amri imekuja: kabati liachwe wazi mpaka tarehe 22, Chiriku arudi darasani, apimwe tena siku hiyo. Mimi nimalize muhula, halafu ningoje barua. Bwana Kitambaa alisoma mara mbili. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yamemfika kidevuni.

"Umeniandika jina?" akauliza.

"Nimeandika langu. Lako limo pia."

"Tena," akasema. "Tena kwenye ripoti." Nilitaka kumwonea huruma, ikaja kidogo, ikakwama. Baadaye nilimwona anafuta vioo vya kabati, kabati ambalo liko wazi.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwaga vifaa vyote mkekani. Tisa, wote kwapani. Mimi na Shangazi tulicheza wenyewe mbele yao kama wendawazimu wawili. Hakuna aliyesogea.

Alhamisi, 15 Mei

Yule anayeuma ameuma shanga. Shangazi alipiga vigelegele.

Ijumaa, 16 Mei

Wanne wameachia. Chiriku bado.

Jumatatu, 19 Mei

Sita. Ngoma moja imepasuka. Ninaipaka mikono ya Chiriku mafuta alivyonionyesha Shangazi, ninaitoa kwapani kidole kimoja kimoja, ninaiweka juu ya tofali. Nikiiachia inarudi. Hata nyuma ya vyoo, vibanio hashiki tena.

Jumanne, 20 Mei

Wanane. Chiriku bado.

Jumatano, 21 Mei

Bado.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua imekatika usiku wa kuamkia leo. Ua mzima unanuka tope.

Mpimaji alikaa sakafuni pale pale. Tulikuwa mimi, Shangazi, Bwana Kitambaa mlangoni, na bibi, aliyeomba asimame dirishani, kwa nje. Mbele ya Chiriku kulikuwa na matofali tisa ya rangi tatu, na kikapu. Mikono yake kwapani.

Dakika kumi. Ishirini. Mpimaji hakunitazama hata mara moja. Dakika ya thelathini na kitu Shangazi alianza kulia bila sauti, na mimi sikuwa na haki hata ya kulia.

Halafu Chiriku akaanza kuinama. Nilidhani anasinzia. Aliinama taratibu, mikono ameibana kwapani kama tulivyopatana, kiwiliwili kinatetemeka kwa kukosa cha kujishikilia, akaanguka kifudifudi juu ya matofali. Nilitaka kumdaka, mpimaji akaniinulia kidole nisisogee. Mtoto alilipita jekundu kwa pua. Alilisukuma la bluu kwa shavu. Akalifikia la njano, akaling'ata kwa meno, akajiinua kwa tumbo na shingo, mishipa imemtoka, akajiburuta mpaka kwenye kikapu, akaliachia. Likalia kwenye kikapu.

Akarudi. La njano la pili. Akarudi tena. La tatu. Mate yalikuwa yanachora njia mkekani kutoka kwenye matofali mpaka kikapuni. Bwana Kitambaa alitoa kitambaa akapiga hatua, na mpimaji akamwambia, "Wewe, simama hapo hapo." Mikono ya Chiriku haikutoka kwapani hata mara moja. Alipomaliza alikaa, akageuza uso kwangu, kidevu kinachuruzika, akafungua mdomo kungoja biskuti.

Mpimaji aliandika muda mrefu. Anachagua. Ana kusudi. Anavumilia. Abaki. Bibi dirishani alikuwa anauliza, "Amefaulu? Jamani, amefaulu?" na Shangazi anamwitikia, "Amefaulu, mama, amefaulu."

Mpimaji akafunga faili, akanitazama kwa mara ya kwanza leo.

"Hilo la mdomo nalo ulimfundisha wewe?"

"Hapana," nikamwambia. "Mimi nilimfundisha mikono."